Moshi wa jirani, mkaa chumbani na mashine ya kusafisha hewa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu hewa ya ndani ya nyumba. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Mtoto wetu wa miaka sita ana pumu. Jirani huchoma taka kila jioni na moshi wote unaishia sebuleni kwetu. Tulinunua mashine ya kusafisha hewa, imeandikwa HEPA na ina taa ya buluu, tumeiweka kwenye kona nyuma ya kochi. Mwezi wa pili huu, kikohozi cha usiku kiko palepale. Tumeibiwa?
*Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam*

Labda hamkuibiwa, mama. Kabla ya kurudi dukani anzeni na jambo la aibu kidogo: chomoeni umeme, fungueni mfuniko wa nyuma, mtazame kama chujio bado liko ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mashine nyingi hutoka kiwandani hivyo, na mafundi hukutana na zilizozunguka miezi mingi huku hewa ikipita pembeni ya mfuko. Chujio likiwa jeupe pe baada ya miezi miwili ya moshi wa taka, jibu mmelipata.

Kama mfuko ulishatolewa, tafuteni kwenye boksi au kitabu chake namba ya CADR. Hiyo ndiyo inayosema mashine inatoa hewa safi kiasi gani kwa saa. Neno HEPA peke yake halisemi hilo. HEPA ya kweli hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, ambazo ndizo ngumu kuliko zote kunaswa, ila kama feni iliyo nyuma yake ni dhaifu, chujio zuri linasafisha hewa kidogo tu na nyingine inabaki chafu. Mashine ikiandikwa “HEPA type” au “mithili ya HEPA”, hata hiyo asilimia haina ahadi.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme sebule yenu ni mita 4 kwa 3.5, dari mita 2.8: hiyo ni kama mita za ujazo 39. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu na moshi wa nje, lengeni hewa yote ya chumba ipite kwenye chujio mara tano kwa saa. Tano mara 39 ni 195, kwa hiyo mnahitaji CADR ya mita za ujazo 200 hivi kwa saa. Mashine ndogo za kuweka mezani mara nyingi haziendi mbali zaidi ya 80. Kwenye sebule hiyo 80 ni mara mbili tu kwa saa: nusu saa baada ya moshi kuacha kuingia, zaidi ya theluthi yake bado mnaivuta. Kwa mara tano, nusu saa hiyohiyo inabakiza chini ya sehemu moja ya kumi.

Namba ya kwenye boksi hupimwa feni ikiwa kwenye mwendo wa juu kabisa. Mkiiweka kwenye alama ya mwezi ili mtoto alale, inaweza kushuka hadi robo. Ndiyo maana ni afadhali kununua kubwa na kuiendesha mwendo wa kati kuliko kununua ndogo na kuivumilia ikinguruma. Kama fedha hairuhusu, iondoeni sebuleni. Ipelekeni chumba anacholala mtoto, mlango ufungwe, kwa sababu chumba cha mita 3 kwa 2.5 kina mita za ujazo 21 tu, na mashine yenu ya 80 itakizungusha karibu mara nne. Usiku mtu hukaa chumbani saa nane hadi kumi. Hapo ndipo mashine inapolipa bei yake.

Nyuma ya kochi si mahali pake. Iacheni umbali wa sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye mapazia, pale inapovutia hewa pawe wazi. Pangaboi likizunguka polepole halina ubaya, linachanganya hewa.

Halafu saa. Kama jirani huwasha taka saa kumi na mbili jioni, madirisha yafungwe saa kumi na moja na nusu, kabla ya moshi. Wengi hufunga wakishausikia puani, yaani wakishaufungia ndani. Mashine iwekwe mwendo wa juu tangu hapo. Moto ukizimika na nje kukitulia, fungueni. Madirisha ya luva hata yakifungwa yanapitisha, kwa hiyo chumba cha mtoto kibandikeni nailoni ngumu kwa ndani, kwenye dirisha la upande wa jirani, na mbaki na dirisha la upande wa pili kwa kupata hewa. Ndani ya chumba hicho pasiwe na kitu chochote kinachoungua.

Msitegemee harufu iishe. HEPA inanasa chembe, haishiki gesi. Kale kapande kembamba keusi kenye punje za mkaa ndani ya mashine ndogo kana gramu chache tu, kanashiba baada ya wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linashauri vumbi laini, lile la chini ya maikromita 2.5, lisizidi wastani wa maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku. Kipimio kidogo cha mkononi kitawaonyesha kama namba inashuka, japo siku za unyevu mwingi vipimio hivyo husoma juu kuliko hali halisi. Tazameni namba inavyopanda na kushuka, msiiamini yenyewe kwa tarakimu.

Wavu wa nje wa chujio upanguseni vumbi kwa brashi laini kila wiki mbili. Chujio lenyewe la HEPA lisioshwe, hata kama jirani aliosha lake na “likawa jipya”: maji yanavuruga nyuzi zake na hewa inapata njia ya mkato. Kwa moshi wa kila siku lihesabieni miezi sita. Umeme usiwatishe, mashine ya wati 40 kwa saa kumi ni yuniti 0.4 za Luku.

Dawa za pumu za mtoto ziendelee kama daktari alivyoagiza. Mashine haichukui nafasi ya pampu yake ya kuvuta dawa.

Huku kwetu Juni hadi Agosti baridi haina mchezo. Jiko la mkaa tunaliwasha nje, likishakolea na moshi kuisha tunaliingiza chumbani na kulala. Dirisha naacha wazi kiasi cha vidole viwili. Kijana wangu wa Dar anataka kuniletea mashine ya kusafisha hewa ili tuwe salama zaidi. Itafaa?
*Mzee wa Njombe*

Shikamoo mzee. Haitafaa, na tunaomba usiku wa leo jiko lisiingie chumbani. Mengine yafuate baada ya hapo.

Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, ndio watu huuona salama. Kumbe ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Hewa ikipenya chini ya jiko inaunguza mkaa na kuwa kaboni dayoksaidi. Ikipanda kupitia makaa mekundu, kaboni ya mkaa inainyang’anya oksijeni na kuigeuza kaboni monoksaidi. Mkaa ukifunikwa na majivu mambo yanazidi kuwa mabaya, maana unaungua kwa kubanwa. Moshi ulioisha ulikuwa mlinzi wako: ulikuwa unawasha macho na kukuamsha. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala haamki, anazama tu.

Mashine haiwezi kuikamata. Chembe ya gesi ni ndogo mno kwa HEPA, na mkaa wa kunyonya harufu hauishiki. Sufuria ya maji juu ya jiko haisaidii, gesi hii karibu haiyeyuki kwenye maji. Vidole viwili vya dirisha navyo ni bahati nasibu: usiku usio na upepo, nje na ndani kukiwa shwari, hewa haisogei. Wala usidhani inakaa chini sakafuni au juu darini. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, inaenea chumba kizima.

Baridi ikabiliwe hivi. Jiko libaki jikoni au barazani, lichemshe maji. Maji hayo yatie kwenye chupa ya mpira ya kukandia, au dumu gumu la lita tatu lenye mfuniko usiovuja, livishwe sweta kuukuu na kuwekwa kitandani dakika 20 kabla ya kulala. Godoro liinuliwe kutoka sakafuni. Kama chumbani hakuna moto wowote, hapo ndipo unaweza kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa. Panapo umeme, hita ndogo iwashwe kupasha chumba kabla ya kulala kisha izimwe.

Mwambie kijana fedha ya mashine anunue king’ora cha kaboni monoksaidi. Kiwe kimeandikwa EN 50291, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivyo. Hicho hulia kati ya dakika 60 na 90 gesi ikifika sehemu 50 kwa milioni, na ndani ya dakika tatu ikifika 300. Kiwekwe usawa wa kichwa cha aliyelala, na tarehe ya mwisho wa kihisio iangaliwe nyuma yake, kwani hakidumu milele hata betri ikiwa mpya. Lakini kisiwe ruhusa ya kulirudisha jiko.

Mtu akiamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kichefuchefu, na wa kitanda cha pili naye vivyo hivyo, hiyo si malaria ya wote wawili usiku mmoja. Tokeni nje wote, kisha hospitali, mkaseme waziwazi kwamba mlilala na jiko. Lisemeni hilo kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni husoma damu yenye gesi hii kama damu yenye oksijeni ya kutosha, na mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa yuko sawa. Tiba ni oksijeni ya barakoa: kwa hewa ya kawaida gesi hupungua nusu kwa saa nne hadi tano, kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu.

Jenereta nayo ni hivyohivyo. Isiwashwe ndani, wala barazani chini ya dirisha. Ikae angalau mita sita kutoka kwenye nyumba na bomba lake la moshi litazame kando.

Assalaam alaykum. Mie na mume wangu twalala na AC usiku kucha, kila kitu kimefungwa. Asubuhi twaamka kichwa kizito na chumba kina harufu ya watu. Kabla ya kulala nafukiza udi. Ninunue mashine?
*Msomaji wa Mbweni, Unguja*

Waalaykum salaam. AC yako ya ukutani haileti hewa ya nje hata chembe. Inavuta hewa ya chumbani, inaipoza, inairudisha. Ile alama ya mshale unaozunguka kwenye rimoti haifungui tundu lolote.

Watu wawili waliolala hutoa lita 25 hivi za hewa ya ukaa (kaboni dayoksaidi) kwa saa. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, dari mita 2.8, kina lita 34,300. Kisingevuja kabisa, kila saa kingepanda kwa sehemu 700 kwa milioni, na nje mwaanzia na 420 hivi. Vyumba huvuja kidogo, hata hivyo kupita 2,000 kabla ya alfajiri si jambo la ajabu. Mashine ya kusafisha hewa haipunguzi hata moja katika hizo. Dawa yake ni hewa ya nje, basi: lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, yaani mita za ujazo 72 kwa saa kwa nyinyi wawili, na namba itatulia chini ya 800.

Kama chumba kina choo chake ndani, kazi imeshafanywa nusu. Feni ya kutolea hewa chooni ya inchi 4 kwa kawaida hutoa mita za ujazo 80 hadi 100 kwa saa. Iwashe usiku, mlango wa choo uache wazi kidogo, na hewa itaingia kupitia chini ya mlango wa chumba, mradi upenyo wake ufike sentimita 2 na ukumbini kuwe na dirisha wazi lenye wavu. Usilifungue dirisha la chooni lililo karibu na feni, itavuta hewa ya hapo hapo na kuitoa, chumba kibaki vilevile. Kama hakuna choo, vuta kioo cha dirisha sentimita 4 au 5 upande usiopigwa na upepo na uache upenyo wa mlango. AC itafanya kazi zaidi, hilo halikwepeki. Zanzibar hewa ya nje huja na maji yake.

Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jaribu usiku mmoja bila AC, dirisha la upande wa upepo na mlango wa upande wa pili vyote wazi. Wazee waliojenga madirisha kukabiliana na milango walijua wanachokifanya. Sisi ndio tuliokuja kuweka vioo vya kusukuma vinavyofungua nusu tu, kisha wavu unapunguza kilichobaki. Wavu uoshe kila mwezi. Ukijaa vumbi na chumvi ni pazia.

Udi ni neema, hatukukatazi. Ila chetezo cha makaa katika chumba kilichofungwa ni jiko dogo, na yale tuliyomwambia mzee wa Njombe yanakuhusu. Fukiza jioni, madirisha wazi, chetezo kitoke kabla hamjafunga. Chetezo cha umeme kinaondoa gesi ya makaa, moshi wa udi wenyewe unabaki. Hapo HEPA ingesaidia kwa moshi, lakini mafuta ya udi hugandia chujio na baada ya muda mashine yenyewe hunuka udi uliochacha.

Nimeweka feni ya kuvuta moshi jikoni, inchi 6, fundi kaiweka juu ya dirisha. Inanguruma vizuri lakini nikikaanga, moshi unakuja hadi sitting room. Fundi anasema ninunue kubwa zaidi.
*Msomaji, Umoja, Nairobi*

Usinunue bado. Washa feni, dirisha likiwa wazi kama unavyopika, halafu shika karatasi ya chooni karibu na dirisha. Ikipepea kuelekea ndani na juu, umepata ugonjwa: feni inakula hewa ya dirisha lililo chini yake na kuirudisha nje, jiko halijui lolote. Funga dirisha hilo unapopika, na hewa iingie kutoka upande wa pili, mlangoni, ipite juu ya jiko ndipo ifike kwenye feni. Ukifunga kila kitu nako ni kosa. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haina pa kuingilia.

Kisha toka nje uangalie vile vibao vya plastiki vya feni. Mafuta yakiganda havifunguki. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, kila mwezi kama unakaanga kila siku.

Ukubwa: jikoni pakiwa mita 3 kwa 2.5 na dari 2.7, ni mita za ujazo 20; zidisha kwa 15, yaani hewa ibadilike mara 15 kwa saa, unapata 300. Feni nyingi za inchi 6 hukaribia hapo zikiwa zimewekwa kwenye tundu wazi ukutani. Zikiungwa bomba la mikunjo lenye kona mbili, nguvu inapotea. Bomba liwe fupi, limenyooshwa, kona moja ikiwezekana.

Ukinunua ile kofia ya juu ya jiko la gesi, iwe sentimita 65 hadi 75 juu ya vichomeo na itoe hewa nje ya nyumba. Ile isiyo na bomba hunasa mafuta na harufu kidogo, mvuke na gesi za moto inakurudishia usoni.

Dada yangu wa Minneapolis, Marekani, amenitumia mashine nzuri, nasita kuichomeka.
*Bukoba*

Umesita vizuri. Soma kibandiko nyuma. Ikiandikwa 120V 60Hz pekee, umeme wetu wa 230V utaiunguza bodi kabla hujahesabu tatu. Kama inatumia adapta ya pembeni iliyoandikwa 100–240V, badili plagi tu. Vinginevyo nunua transfoma ya kushusha yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati za mashine. Na mwombe dada atume machujio mawili ya akiba ya modeli hiyohiyo. Mashine isiyopatikana chujio ni feni ya bei kubwa.

Maswali matatu kwa pamoja: dawa ya mbu ya koili, maua ya ndani, na mashine za “ozoni” zina faida gani kwa hewa?
*Msomaji, Morogoro*

Koili: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima na kukuta koili moja inatoa vumbi laini sawa na sigara 75 hadi 137. Kuwasha koili na mashine ya kusafisha hewa chumba kimoja ni kutwanga maji kwenye kinu. Chandarua, na wavu usio na matundu. Kama lazima, koili ikae barazani.

Maua: yapandeni kwa kupendeza. Majaribio ya NASA ya mwaka 1989 yanayonukuliwa kila mahali yalifanyika ndani ya visanduku vilivyozibwa. Tathmini ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa ili maua yafanye kazi inayofanywa na dirisha wazi ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Pa kulala utakosa.

Ozoni: mashine isiyo na chujio, yenye harufu kama ya mashine ya fotokopi, inatengeneza sumu ya mapafu kwa makusudi. Irudishe.

Nyuma ya kabati la nguo ukuta umeota fangasi weusi, nguo zanuka. Duka moja laniambia mashine ya kusafisha hewa itaua.
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Haitaua. Itanasa mbegu zinazoelea, huku shamba likiendelea kuota nyuma ya kabati. Kwanza ujue maji yatoka wapi. Safisha kipande cha ukuta, kaushe, kisha bandika nailoni ya sentimita 30 kwa 30, uizibe pande zote nne kwa gundi ya karatasi, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani: tazama mfereji wa paa, bomba lililopasuka, au udongo uliorundikwa nje juu ya msingi. Yakiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa unaogandia ukuta baridi.

Kwa hili la pili, sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani na uliinue kwa vipande vya mbao. Nguo zisianikwe ndani wakati wa mvua. Kipimio cha unyevu cha bei ndogo kikionyesha zaidi ya asilimia 60 siku nzima, AC kwenye alama ya tone hukausha vyema, na bomba lake la maji lisizibe.

Fangasi wenyewe wasuguliwe kwa maji ya sabuni, ukiwa umevaa barakoa na glavu, dirisha wazi, kitambaa kikiwa kimelowa ili mbegu zisipeperuke. Jiki inaondoa weusi, lakini usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Dari ya jipsamu iliyoota ndani kwa ndani haisafishiki; ikatwe itupwe. Rangi isipakwe mpaka jaribio la nailoni litoke kavu.

Tuna karakana ya mbao, vumbi linaingia nyumbani. Mashine kubwa hatuwezi kununua. Nimesikia unaweza kuunda mwenyewe kwa feni ya kawaida.
*Fundi seremala, Mwanza*

Inawezekana, na inafanya kazi kuliko nyingi za dukani. Inaitwa boksi la Corsi-Rosenthal, kwa majina ya Wamarekani Richard Corsi na Jim Rosenthal, na ilienea tangu mwaka 2020 wakati wa korona. Wao hutumia machujio ya inchi 20 ya daraja la MERV 13, kipimo cha Marekani cha ubora wa chujio. Kwa wauza vifaa vya viyoyozi vikubwa ulizia chujio bapa la daraja la F7, milimita 595 kwa 595, linakaribia sana hilo. Ukipewa G4 lirudishe. Hilo ni la kunasa vumbi nene, laini linapita.

Kule Marekani feni huwekwa juu, ikitazama angani. Feni zetu za mezani za inchi 16 au 18 nyingi zina bushi, zikilalishwa chali huchakaa mapema, kwa hiyo geuza mpango: feni isimame wima mbele, machujio yawe kushoto, kulia, juu na mgongoni, na chini pawe ubao. Jumla ni machujio manne. Kila chujio lina mshale wa njia ya hewa. Yote minne itazame ndani ya boksi. Mmoja ukigeuzwa, kimia cha kushikilia chujio kinakuwa upande usiofaa na linabonyea.

Uso wa mbele ufunge kwa plaiwudi nyembamba, ukate duara lenye kipenyo cha mzunguko wa mapanga ya feni, si cha kikapu chake. Hapo ndipo wengi hukosea: wakiacha pembe wazi, hewa inarudi ndani kupitia pembeni na boksi linazungusha hewa yake lenyewe. Shingo ya feni ifungwe isigeuke, upepo utoke kuelekea chumbani, na kitako chake kikae juu ya ubao wa chini.

Viungo vyote vizibwe kwa utepe mpana. Endesha mwendo wa kati, na baada ya saa moja gusa mgongo wa mota. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, feni hiyo ni dhaifu kwa kazi hii, tafuta nyingine. Kwa vumbi la mbao, funika machujio kwa kitambaa chepesi cha chandarua kuukuu na ukikung’ute nje kila Jumamosi. Kinabeba maranda na kurefusha maisha ya chujio. Vumbi la msasa litulizwe karakanani kwanza kwa kunyunyizia maji sakafu kabla ya kufagia, boksi lisibebeshwe kazi ya ufagio.

Mwisho washa kijiti cha ubani, feni ikiwa inazunguka, ukipitishe polepole kwenye kila kona na kila kiungo. Mahali moshi unapovutwa ndani kwa mkupuo pana tundu. Ongeza utepe hapo, kisha pitisha tena.